Maua huja mwisho: kujenga bustani ya umma ya mwambao kwa awamu

Ukipita katika miji mingi ya mwambao mwezi Februari, hukosi kuiona bustani iliyozinduliwa kwa mbwembwe masika yaliyopita. Ukoka umekuwa na rangi ya makuti makavu. Vijiti vilivyokuwa miche vimesimama ndani ya vizimba vyao kama vimewekwa rumande. Kilichobaki kimenyooka ni bango la uzinduzi. Wapitao husema ni jua kali, wengine husema wananchi hawajui kutunza. Mara nyingi si hili wala lile. Kazi ilifanywa kinyumenyume: maua yalitangulia, maji yakatafutwa baadaye, na udongo haukuulizwa kabisa.

Makala haya yanafuata kazi kwa mpangilio wake, kwa kipimo cha ekari moja (kama mita 4,000 za mraba) katika mji wa pwani kama Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Kanuni ni moja: kisichoweza kuhamishwa hutangulia, na kinachoweza kung'olewa kesho kinangoja. Bomba chini ya njia halihamishiki bila kubomoa. Mti wa miaka mitano hauhamishiki. Ua la msimu huhamishika kwa jembe la mkono.

Hesabu ya maji

Anza na hesabu rahisi ambayo wengi huiruka: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka ulio juani wakati wa kaskazi hunywa milimita 4 hadi 6 kwa siku. Ukiutandika kwenye nusu ya ekari, yaani mita 2,000 za mraba, umejifunga kutafuta lita 8,000 hadi 12,000 kila siku isiyo na mvua. Mpira wa kawaida wa kumwagilia hutoa kama lita 15 kwa dakika. Lita 10,000 kwa mpira mmoja ni zaidi ya saa 11. Hakuna mtunza bustani atakayesimama na mpira saa 11, kwa hiyo atamwaga juujuu kwa saa mbili, mizizi itabaki sentimita chache chini ya uso, na siku maji yakikatika ukoka wote utakufa kwa pamoja.

Punguza ukoka hadi mahali watu watakapokaa kweli, tuseme mita 400 za mraba. Hapo unahitaji lita 2,000 kwa siku, kazi ya saa mbili na kitu. Eneo lililobaki liwe la miti yenye matandazo chini yake na vichaka vinavyovumilia kiu. Mche wa mti uliopandwa vizuri unatosheka na lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza, kwa hiyo miti 40 inatumia lita 1,600 kwa wiki nzima. Linganisha na ukoka, utaelewa kwa nini mti ni nafuu na nyasi ni anasa.

Kisima cha karibu na bahari kina mtego wake. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na pampu ikivuta kwa nguvu, ya chumvi hupanda. Pima maji kwa kifaa cha kupima uwezo wa maji kupitisha umeme, na upime mwishoni mwa kiangazi. Ukipima mwezi Mei, mvua imeshayazimua na jibu litakudanganya. Maji yaliyo chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita hayana neno. Kati ya 700 na 3,000 chagua mimea kwa uangalifu. Yakivuka 3,000, sahau maua mengi ya kitaluni. Dalili ya chumvi ni kingo za majani kukauka kama zimepitishwa motoni huku katikati bado pabichi. Mwenye maji ya chumvi kiasi amwagilie kwa wingi na kwa nadra, chini kwenye udongo, asinyunyizie majani. Kumwagilia kidogokidogo kila siku huiacha chumvi palepale penye mizizi.

Paa nalo ni chanzo cha maji. Jengo la mita 200 za mraba likipata mvua ya milimita 50, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 8,000 zisizo na chumvi. Ziweke kwa ajili ya kitalu, maana miche michanga ndiyo isiyosamehe.

Udongo uulizwe

Vipimo viwili havina gharama. Cha kwanza: chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina hichohicho, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena na upime yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka kati ya 3 na 8, una bahati. Yakishuka chini ya 2, mizizi itakosa hewa wakati wa masika na utahitaji matuta au mifereji. Yakikimbia zaidi ya 10, huo ni mchanga mtupu, na mbolea yako itazama pamoja na maji. Cha pili: jaza udongo theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa sana, uiache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, chembe za kati huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi hutua kesho yake. Unene wa tabaka hizo ndio muundo wa udongo wako.

Mwambao umejaa mwamba wa matumbawe, na udongo juu yake una chokaa nyingi. Hapa ndipo iksora, gadenia na hata haibiskasi huugua ugonjwa usio ugonjwa: majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtunza bustani huongeza samadi, kisha urea, na njano inazidi. Kinachokosekana ni madini ya chuma. Yamo udongoni, ila chokaa imeyafunga na mmea hauwezi kuyanyonya. Kumwaga salfeti ya chuma hakusaidii kwa muda mrefu, kwa kuwa nayo hufungwa baada ya siku chache. Dawa ya kweli ni mboji nyingi kila mwaka, au chuma cha aina ya EDDHA ambacho hakifungwi na chokaa lakini bei yake si ya kuchezea. Njia ya busara zaidi ni kutoipanda iksora kwenye chokaa tupu. Bogenvilia haitakusumbua hivyo.

Funzo kubwa la udongo katika ukanda huu liko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Uchimbaji wa matumbawe ya kiwanda cha saruji ulianza pale mwaka 1954, ukaacha machimbo meupe, makavu, yenye maji ya chumvi karibu na uso. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, alianza kujaribu miti kwenye machimbo hayo. Katika aina 26 alizopanda, tatu ndizo zilizostahimili: mnazi, damas ambao asili yake ni pande za Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake hukaa na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo huota mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Tatizo likawa majani yake membamba: yalirundikana chini bila kuoza. Wakaletwa majongoo wa pwani wenye miguu myekundu, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Juu ya mboji hiyo ndipo mimea mingine ilipopata pa kushika. Watu walifunguliwa milango mwaka 1984, miaka 13 tangu mti wa kwanza. Leo panaitwa Haller Park, na mgeni anayepiga picha ya kijani kile hajui kwamba anamshukuru jongoo.

Wewe huna machimbo, huhitaji miaka 13. Unachohitaji kutoka kwake ni ile tabia ya kujaribu kwanza. Hata bustani ya miti ya Nairobi, ambako watu hukimbia na kupumzika leo, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za treni. Tenga kipande cha mita 3 kwa 10, panda aina 12 za mimea unayoitamani, mitano ya kila aina, uipitishe kiangazi kimoja kwa maji yaleyale na udongo uleule wa bustani. Itakayobaki hai ndiyo utakayozidisha. Miche 60 iliyokufa jaribioni ni hasara ndogo kuliko 600 iliyokufa mbele ya wananchi.

Penye matuta ya maua tandaza mboji ya sentimita 5 na uichanganye hadi kina cha sentimita 20 au 25. Kwa mita 100 za mraba hiyo ni mita za ujazo 5, kwa hiyo anza kukusanya mapema. Samadi mbichi haifai: huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu kutoka malishoni. Irundike, iloweke, igeuze, uipe miezi miwili mitatu.

Chini ya ardhi, kisha njia

Bustani ya Forodhani pale Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, watu huikumbuka kwa taa na wauza urojo. Ila sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ukuta wa bahari, mitaro na mabomba ya majitaka. Hivyo ndivyo inavyopasa. Kabla ya kuweka hata kitofali kimoja cha njia, pitisha bomba tupu la inchi 4 chini ya kila mahali njia itakapokatiza, uzibe ncha zake, na uchore kwenye ramani lilipo. Siku ukitaka nyaya za taa au mpira wa maji ya matone, utapitisha bila kubomoa. Bomba hilo ni kitu cha bei ndogo ambacho karibu kila mtu hukisahau.

Njia zenyewe usizichore zote mezani. Jenga ile kubwa inayounganisha milango, kisha acha watu watembee masika moja na kiangazi kimoja. Watakuchorea wenyewe. Anayetoka sokoni kwenda kituo cha daladala hatazunguka duara zuri la maua kwa sababu mchoraji alilipenda; atakata katikati, na ukiweka ua wa miiba ataukanyaga hadi ulale. Panapokanyagwa ndipo pa kuweka vitofali.

Njia kuu iwe na upana wa mita 1.8, viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, na uso uinamie upande kwa sentimita 2 kila mita ili maji yasituame. Chini weka moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa sentimita 10 hadi 15, mchanga sentimita 3 hadi 5, kisha vitofali vya unene wa sentimita 6. Gari la taka au la maji likipita hapo, tumia vya sentimita 8. Vitofali vikianza kubonyea baada ya masika ya kwanza, usilaumu vitofali: kilichoshindwa ni ushindiliaji, au kingo hazikufungwa na mawe ya pembeni na mchanga ukatoroka.

Kivuli

Miti hupandwa mvua za kwanza za masika zinaposhika, ipate miezi miwili ya kunyoosha mizizi kabla ya upepo wa kusi. Vuli nayo hufaa, ila mara nyingi ni fupi na kaskazi huifuata kwa karibu.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupita upande wa kaskazini wakati wa kipupwe na upande wa kusini mwezi Desemba. Dar es Salaam hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kivuli cha kaskazini au kusini, kwa hiyo, hubadilika kwa msimu. Jua la saa tisa alasiri linatoka magharibi mwaka mzima, na ndio wakati watu wanapotaka kuketi. Mti wa benchi upandwe magharibi ya benchi, kwa umbali wa mita 3 hadi 4. Upande wa mashariki usiuzibe, upepo wa bahari uingie.

Mkungu ndio mti wa kivuli wa pwani usio na makuu: huvumilia chumvi na matawi yake hutanda kama mwavuli, ila huangusha majani makubwa na kungu, kwa hiyo fagio lisikosekane. Mkrismasi hupendeza kuliko yote unapowaka mwekundu mwisho wa mwaka, lakini mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua vitofali. Upe mita 5 kutoka njiani na mita 10 kati ya mti na mti. Mwarobaini huota popote, na hapo ndipo kasoro yake ilipo, kwani ndege husambaza mbegu na baada ya miaka michache utakuwa unang'oa miche yake kwenye kila tuta. Mnazi uwekwe mbali na viti, au uwe na mkwezi wa kudumu. Mwembe kila kamati huupendekeza. Ukiukubali, ukubali pia mawe ya watoto.

Shimo liwe pana kuliko kina: mita 1 kwa upana, na kina sawa na urefu wa kiriba (mfuko wa mche), basi. Kwenye mwamba vunja kwa sururu hadi maji yaweze kupenya. Chana kiriba, angalia mizizi. Iliyojizungusha kama kamba ikate, la sivyo itaunyonga mti ukifika miaka kumi. Shina lisizikwe kupita lilipokuwa kwenye kiriba. Rudisha udongo uleule ukiwa na mboji isiyozidi robo, kwa kuwa ukijaza mboji tupu mizizi itazunguka humo na kukataa kutoka. Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Kamba ya mti wa kuegemeza ifunguliwe baada ya mwaka mmoja. Miti mingi hukatwa shingo na kamba iliyosahauliwa.

Na sasa, maua

Kitalu chako kiwe kimeanza tangu mwaka wa kwanza, maana miche ya kununua ndiyo inayofilisi mradi. Tuta moja la mita 2 kwa 10 lenye nafasi ya sentimita 30 linameza miche 220. Vipandikizi vya bogenvilia vya sentimita 15 hadi 20, vikiwekwa kwenye mchanga chini ya kivuli, vinakupa hiyo kwa jasho tu. Tawi la franjipani la sentimita 30 hadi 45 liache likauke jeraha wiki moja au mbili kabla ya kulipanda. Ukilichomeka likiwa bichi linaoza.

Bogenvilia ina kosa lake maarufu: hutunzwa kupita kiasi. Ikipewa maji kila siku na samadi kila mwezi hutoa majani matupu. Ikishika, iache ipate kiu kidogo, ipogoe baada ya kuchanua, nayo itachanua kwenye machipukizi mapya. Iwe mita 1.5 kutoka njiani, miiba yake haina adabu. Oliyanda na ile jamii yake ya maua ya njano zina sumu katika kila sehemu. Zisikaribie mahali pa watoto kuchezea.

Bustani nyingi za umma huchorwa kwa macho tu na kusahau pua, jambo la ajabu katika pwani yenye kikuba, kile kishada cha maua na majani yanukiayo. Asumini, mkilua, rehani na mlangilangi zipandwe upande wa mashariki wa viti, kwa kuwa kusi na kaskazi zote huja kutoka pande za mashariki na zitaileta harufu palipo na watu. Rehani huchumwa na wapitao. Panda nyingi, uache ichumwe.

Wizi wa miche mizuri utatokea, hasa wiki ya kwanza. Kuuza miche ya aina ileile kwa bei ndogo langoni hupunguza wizi kuliko bango la kutisha. Mbuzi hawanunui, kwa hiyo uzio unahitajika hadi miti ipite mita 2.

Miaka na fedha

Mwaka wa kwanza bustani itakuwa mbaya kwa macho: mitaro, kitalu, vijiti na kipande cha majaribio. Wananchi na madiwani watauliza pesa zimekwenda wapi, na ndiyo sababu tuta moja la mita 20 za mraba langoni, lenye zinia na vinka, lipandwe mapema. Hilo ni la kisiasa, si la kilimo, na lisionewe haya. Mwaka wa pili njia kuu, miti yote na viti vya kwanza. Wa tatu njia zilizochorwa na miguu, ukoka, vichaka kutoka kitaluni. Maua ya mapambo yaanze kuenea mwaka wa nne, kivuli kinapoonekana, na hapo utajua ni matuta gani yamebaki juani na yapi yamefunikwa.

Fedha ya utunzaji itengwe kabla ya fedha ya kupanda. Mfadhili hupenda kulipia kinachopigwa picha. Mishahara, mkasi wa kupogolea na valvu ya bomba havipigwi picha. Kama halmashauri haiwezi kulipa watunzaji wawili wa kudumu, ekari moja ni kubwa mno: jenga robo, iliyobaki ifunike kwa miti na matandazo.

Kuna jambo moja la mwaka wa sita au wa saba linalostahili kuandaliwa sasa. Kama ulipanda mivinje mita 2 kwa 2 iwe kinga ya upepo wakati mikungu inakua, itakuwa imefanya kazi yake na itaanza kuinyima mikungu jua. Lazima nusu yake ikatwe, na siku hiyo watu watapiga kelele kwamba bustani inaharibiwa, nao watakuwa na haki, kwani hakuna aliyewaambia. Basi siku ya kuipanda, kwenye kila mvinje wa muda funga kibao kidogo chenye rangi na maneno haya: mti huu utaondolewa mkungu wa jirani ukifika mita 6.